Kuchagua Motokaa

Huenda msomaji akastaajabu kuona katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hubeba mambo ya lugha na ushairi, habari ya mtu aliyekwenda kununua motokaa kuukuu. Nakiri kuwa jambo lenyewe ni dogo. Walakini nimeona katika maisha yangu kwamba mtu hujulikana zaidi kwa vitu vidogo anavyovichagua kwa fedha yake mwenyewe kuliko kwa maneno makubwa anayoyasema mbele ya watu. Nilipokuwa nikiichagua motokaa hiyo nilijifunza habari za injini na magurudumu. Nilijifunza pia habari zangu mwenyewe, na baadhi yake hazikunipendeza.

Kwetu ni Bisibo, katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Ni nchi ya vilima, miti ya miombo na udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa vumbi jepesi kama unga. Mvua za vuli zianzapo, na tena zile za masika, udongo ule ule hugeuka utelezi unaomwangusha hata mwenye fimbo. Barabara ya lami iendayo Rwanda hupita katika wilaya yetu, Lusahunga na Nyakahura, na malori hayakatiki juu yake usiku na mchana. Lakini mtu akiiacha lami hiyo kwa muda mfupi tu, yumo katika njia za ng'ombe, za baiskeli na za maji ya mvua.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu iko Mwanza. Kwa miaka mingi nilikwenda nyumbani kwa basi, nikivuka kwa pantoni pale Kigongo. Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, safari ilifupika, na fikira niliyokuwa nimeiweka kando kwa muda mrefu ikaamka: kuwa na motokaa yangu, ya kunifikisha Bisibo mwisho wa juma, na ya kunipeleka pamoja na watoto wangu mbali na lami, tukalale hemani chini ya nyota. Nchi ya kutembelea tunayo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700 na ziwa Burigi ndani yake. Upande wa magharibi viko vilima vya Ngara, na maporomoko ya Rusumo, hapo mpakani. Niliona aibu kuwa wageni huvuka bahari kuja kutazama nchi ambayo watoto wangu waliijua kwa ramani tu.

Nilipomweleza baba yangu kuwa nataka motokaa ya kwendea kambini, alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kambini? Ni nani amefukuzwa?"

Swali hilo halikuwa mzaha. Kwa watu wa Ngara na Biharamulo waliokuwa watu wazima katika mwaka 1994, neno kambi lina maana moja. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka huo, katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda. Mahali palipoitwa Benaco, katika wilaya ya Ngara, pakawa mji wa maturubai katika muda mfupi kuliko ule wa kukomaa kwa maharagwe. Baba yangu alipata kazi huko, kulinda ghala la chakula usiku. Ndiyo kusema, yeye alikuwa amekwisha lala chini ya turubai usiku mwingi, wala hakuona ni furaha gani mtu mwenye nyumba aitafute humo.

Wakimbizi hao waliporudishwa kwao mwezi wa Desemba 1996, mama mmoja ambaye baba alikuwa akimpa salamu kila asubuhi alimwachia sufuria kubwa, akamwomba amtunzie mpaka atakaporejea au atakapotuma mtu. Hakurejea, wala hakutuma mtu. Sufuria hiyo tumeiona nyumbani kwetu tangu wakati huo, ndani ya gunia, juu ya dari ya jiko. Hatukuruhusiwa kuipikia hata siku ya harusi.

Baba sasa ni mzee, na magoti yake yamechoka. Jioni ile, baada ya kucheka kidogo juu ya safari yangu ya hemani, alisema kwa sauti ya chini kwamba kama motokaa itapatikana, naye angependa kuiona Benaco tena, na maji ya Rusumo, kabla miguu haijamkatalia kabisa. Tangu hapo motokaa yangu ilikuwa na kazi mbili: kuwachezesha watoto na kumchukua mzee. Nilifikiri kuwa kazi hizo mbili zataka motokaa moja. Nilijidanganya, kama nitakavyoeleza.

Baba hajui kuendesha, lakini amenunua na kuuza ng'ombe maisha yake yote. Alinipa mashauri matatu. Kwanza, mnyama asinunuliwe gulioni ambako ameoshwa na kushibishwa, bali anunuliwe nyumbani kwake, na mnunuzi afike mapema amwone anavyoamka. Pili, itazamwe miguu kabla ya ngozi. Tatu, mwenye mnyama aulizwe kwa nini anauza, kisha jirani yake aulizwe swali lile lile. Nilimshukuru kwa heshima, nikayasahau mashauri yake kabla sijavuka daraja.

Huko Mwanza nilipelekwa na dalali katika yadi moja. Nilionyeshwa gari la rangi ya buluu iliyokolea, linalong'aa hata nikajiona uso wangu katika mlango wake. Mita yake ilionyesha kilomita 68,000. Viti vilinukia marashi. Niliketi penye usukani, na msomaji anisamehe nikisema kweli: sikuiona Bisibo, wala Benaco, wala magoti ya mzee wangu. Niliona uwanja wa shule yetu siku ya Jumatatu, na walimu wenzangu wakigeuza shingo. Nilitoa arabuni siku ile ile.

Kesho yake nilirudi na fundi. Yeye hakuitazama rangi. Alitazama mpira wa kanyagio la breki, akaona umelika hata chuma chaonekana. Akatazama ngozi ya usukani, akaona imesuguliwa laini. Akasema kuwa gari lililokwenda kilomita 68,000 halichakai hivyo, na kwamba mita imerudishwa nyuma. Kisha akalala chini kwa mgongo, akaniita nami nilale. Nilikuwa nimevaa suruali yangu nzuri, lakini nililala. Alinionyesha mahali ambapo bati la mbele lilikuwa limekunjwa, likanyoshwa, likachomelewa na kufunikwa kwa rangi nyeusi. Gari lile lilikuwa limepata ajali kubwa. Nilidai arabuni yangu, nikarudishiwa nusu. Nusu ya pili ni ada niliyolipa kwa somo, wala silaumu mtu mwingine.

Lakini fundi aliniambia neno lililonifaa kuliko habari ya ajali. Alisema kuwa hata kama gari lile lingekuwa zima, lisingenifaa, kwa sababu lilikuwa na umbo la kwenda porini bila ya mifupa yake. Magari ya namna hii ni mengi siku hizi. Yamenyanyuka juu na yana sura ya ushujaa, lakini hayana chesisi ya kujitenga; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kama yai libebavyo kwa gamba lake. Juu ya lami hilo ni jambo jema, kwa kuwa gari huwa jepesi na tulivu. Kwenye makorongo, gurudumu moja likiwa juu na jingine shimoni, bodi hupindwa siku baada ya siku hata milango ikaanza kulia. Gari la porini la namna ya zamani lina chesisi mfano wa ngazi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vifupi, na bodi huketi juu yake.

Tofauti ya pili ni gia. Magari mengi ya mjini yenye nguvu katika magurudumu manne huyaita magurudumu ya nyuma pale tu yale ya mbele yanapoteleza. Gari la porini lina kisanduku cha pili cha gia, chenye gia ndogo. Dereva akiiingiza, injini huzunguka kwa kasi yake ile ile lakini magurudumu huenda polepole na kwa nguvu nyingi zaidi. Watu wengi hudhani kuwa gia ndogo ni ya kupandia milima. Manufaa yake makubwa ni katika kushuka: injini huyazuia magurudumu, na dereva hana haja ya kukanyaga breki juu ya utelezi, ambako kukanyaga breki ni kuomba kuanguka.

Nikiwa na maarifa hayo mapya nilikwenda upande wa pili wa kosa lile lile. Nilisikia habari za Land Cruiser ya zile zinazoitwa mfululizo wa 70, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1984, nyeupe, ndefu, iliyouzwa na shirika moja la misaada katika mnada. Injini yake ya dizeli ni ya silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo wala mambo mengi ya umeme, na kila fundi wa kando ya njia kutoka Kahama hata Bukavu anaijua. Safari hii nilimchukua baba, aliyekuwa amekuja Mwanza kupimwa magoti. Nilidhani atafurahi.

Baba aliizunguka motokaa ile polepole, akaweka kiganja chake juu ya mlango. "Hii naijua," alisema. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Mwaka 1994 motokaa za namna hiyo zilikuwa zikipita Benaco kutwa kucha, na hazikubeba chakula na dawa tu. Kisha alijaribu kupanda. Ngazi yake ilikuwa juu mno. Aliinua mguu mara mbili, mara ya tatu akashika mlango na kutikisa kichwa. "Mwanangu," alisema, "hili ni gari la kubebea magunia, na mimi si gunia bado."

Dalali alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilitahayari. Nilikuwa nimehesabu silinda na kupima kimo cha chesisi kutoka ardhini, nisipime hatua ya mzee mmoja ambaye kwa ajili yake nilisema nanunua motokaa. Zaidi ya hayo, springi zake za nyuma za vyuma bapa zilikuwa ngumu, zenye kufaa mzigo wa tani na si mgongo wa binadamu. Na dizeli ambayo injini ile ingekunywa kutoka Mwanza hata Bisibo kila mwisho wa juma ingekula ada ya watoto wangu. Ukubwa usio na kazi ni fahari, kama mng'ao ulivyo fahari.

Labda msomaji atauliza kwa nini sikuagiza gari kutoka Japani, kama wafanyavyo wengi. Nilifanya hesabu. Juu ya bei ya gari na nauli ya meli kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tozo nyingine ambazo hukua kwa kadiri ya ukubwa wa injini na uzee wa gari. Na anayeagiza hununua picha. Hawezi kulala chini ya picha kwa mgongo.

Motokaa niliyoinunua mwishowe niliipata kwa mwuguzi mstaafu, nje ya mji wa Mwanza. Ni Suzuki Escudo ya mwaka 1999, ya petroli, injini ya lita 2, rangi ya maziwa iliyofifia, yenye namba ya mfululizo wa herufi C. Haikuosheka, wala haikunukia marashi. Bodi yake imeketi juu ya chesisi ya ngazi, gia ndogo inayo, nayo imenyanyuka kutoka ardhini kiasi cha sentimita 20, ambazo zatosha kwa njia za kwetu na hazimshindi mzee mwenye fimbo.

Safari hii niliyafuata mashauri ya ng'ombe. Nilifika alfajiri, nikaweka mkono juu ya injini, ikawa baridi. Maana injini iliyokwisha pashwa moto kabla ya mgeni kufika huficha ugonjwa wake. Iliwaka mara ya kwanza. Moshi haukuwa wa buluu, ambao ni dalili ya kula oili, wala mweupe usiokoma, ambao ni dalili ya maji kuingia penye moto. Nilifungua rejeta nikatazama kama kuna mafuta juu ya maji, nikachomoa kijiti cha oili nikatazama kama kuna utelezi mfano wa maziwa. Fundi aligonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hata nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hunyamaza. Tuliingiza gia ndogo, tukapanda kilima cha mawe karibu na hapo, tukashuka bila ya kukanyaga breki.

Kisha nilimwuliza mwuguzi kwa nini anauza. Alisema kuwa macho yake yamepungua nguvu na haendeshi tena. Akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba rejeta ilikwisha toboka mara moja ikaunganishwa, na kwamba shokomzoba za nyuma zimekufa. Alinipa daftari lake, lenye tarehe ya kila oili iliyobadilishwa kwa miaka tisa. Jirani yake alinipa jibu lile lile juu ya macho. Nimenunua vitu vingi katika maisha yangu, lakini ni mara chache muuzaji kunionyesha kidonda kabla sijakiona. Nilipunguziwa bei ya shokomzoba, nami sikutaka kushindania zaidi. Tulilinganisha namba ya chesisi na ile ya kadi, tukaangalia kama gari linadaiwa faini, tukaandikiana mkataba mbele ya wakili, na umiliki ukahamishwa kwa jina langu katika ofisi ya mapato.

Fedha iliyobaki niliitumia kwa vitu visivyoonekana na majirani: matairi manne mapya yenye meno, shokomzoba, tairi la akiba lililo zima, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea juu ya matope, kamba nene, jembe, na madumu mawili ya maji. Askari mmoja wa wanyamapori alinipa faraja nisiyoitazamia. Alisema kuwa mbung'o wa mapori ya Biharamulo hufuata vitu vinavyokwenda, na hupenda zaidi rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo sababu vitambaa vya kuwanasia hushonwa kwa rangi hizo. Nikakumbuka gari langu la kwanza lililong'aa, nikaona kuwa ningelikuwa nimelipa fedha nyingi kwa ajili ya kuwaalika mbung'o.

Tulisafiri mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha anza. Baba aliketi mbele, watoto nyuma, na gunia lenye sufuria katikati yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza lishushwe kutoka darini. Kabla hatujaifikia lami tulikuta bonde ambalo maji yake yalikuwa yamepanda. Nilishuka, nikavua viatu, nikavuka kwa miguu kupima kina na kuona kama chini ni mchanga au tope, maana dereva asiyekubali kulowa magoti hulowesha injini. Maji yalinifika kati ya kifundo na goti. Nikapunguza upepo wa matairi kidogo ili yakanyage kwa upana, nikaingiza gia ndogo, tukavuka polepole bila ya kubadili mwendo. Watoto walipiga makofi. Baba alisema tu, "Ameamka vizuri."

Tulipita Lusahunga na Nyakahura, katika mapori ambayo zamani magari yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, na sasa yanapita yenyewe. Rusumo tulisimama tukatazama maji. Mto Ruvubu hujiunga na Kagera karibu na hapo, na maji ya nchi kadhaa hubanwa pamoja katika mwamba mmoja yakashuka kwa kishindo. Watoto walipendezwa zaidi na malori, ambayo upande wetu hupita kushoto na upande wa pili hupita kulia. Baba alitazama daraja. Alitazama kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu.

Usiku tulipiga hema juu ya kilima karibu na Benaco, kwa ruhusa ya mwenye shamba na ya uongozi wa kijiji. Chini yetu taa za maduka na za malori ziliwaka mahali palipokuwa na bahari ya maturubai. Baba alitoa sufuria ndani ya gunia, akaisugua kwa majani, akasema tupike. Tulipika ndizi na maharagwe. Hakuna aliyesema neno juu ya sufuria ile, hata mtoto wangu mdogo ambaye kwa kawaida hanyamazi. Baada ya kula alitusimulia habari za mama yule: jinsi alivyokuwa akisalimu, jinsi alivyokuwa akiimba akichota maji. Miaka ishirini na tisa tulikuwa tumeiona sufuria; usiku ule ndipo tulipomwona mwenyewe.

Asubuhi nilimkuta baba ameamka kabla yetu. Alikuwa ameiosha sufuria na kuirudisha ndani ya gunia. Nilimwambia kwamba sasa, baada ya kuipikia, pengine ingekaa jikoni pamoja na nyingine. Alifunga kamba ya gunia kwa utaratibu, akasema, "Hapana. Tumeazima tu. Bado ni yake."

Tangu siku ile magoti yake yamezidi kudhoofu, wala hajapanda tena. Motokaa hulala Bisibo mwisho wa juma, na mara mbili imewapeleka wanawake wenye uchungu hospitali ya Biharamulo usiku wa mvua, kazi ambayo sikuihesabu hata kidogo nilipokuwa nikichagua. Nifikapo nyumbani baba huniuliza kwanza hali ya motokaa, kisha hali ya watoto, ndipo hali yangu. Nami humjibu kwa kweli, hata kama rejeta imeanza kutoa machozi. Maana aliyeniuzia aliniambia kweli, na nimeona kuwa neno hilo moja lilikuwa na thamani kupita magurudumu yote manne.